Nyaya Mbili Zinatosha

Jumatatu, 9 Juni 2025

Simu imelia! Saa mbili na robo asubuhi. Si kampuni ya simu, si mtu aliyekosea namba. Mtu halisi, ananitaka mimi.

Alikuwa Eunike, meneja wa kituo cha kukusanyia maziwa kule Kikwe. Kipimajoto cha tangi lao kimekufa. Maziwa yamechacha mara mbili ndani ya wiki moja, na mnunuzi ametishia kuhamia kwingine. Familia sitini zinategemea tangi hilo. Amesikia kwamba mimi, Anaeli, nilikaa miaka ishirini na miwili kitengo cha vipimo kiwandani kabla hakijafungwa. Nikamwambia ratiba yangu imebana mno lakini nitajitahidi. Dakika tatu baadaye nilikuwa juu ya pikipiki.

Kazi yenyewe ndogo. Sensa mpya ya joto ndani ya tangi, boksi la kuongozea ofisini, mita ishirini na tano kati ya hivyo viwili. Boksi linasoma sensa, linawasha na kuzima kompresa, maziwa yanakaa nyuzi nne. Kazi ya siku moja.

Saa nne wakanikaribisha mezani. Chai ya maziwa, ndizi za kuchemsha, watu saba wanaongea kwa pamoja. Ndeshi, anayepokea maziwa na kupika, aliniwekea kikombe bila kuniuliza kama nataka. Akaniita Baba Princess, kama vile tumejuana miaka. Nilikunywa vikombe vitatu. Cha tatu sikukitaka, ila maongezi yalikuwa bado yanaendelea.

Nimerudi nyumbani Sekei saa kumi. Sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja. Mke wangu Ruth alikwenda Mwanza kumsaidia binti yetu Princess alipojifungua. Wiki mbili, alisema. Ilikuwa Februari mwaka jana. Mtoto sasa anakimbia. Funguo za Ruth bado zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Jumanne, 10 Juni

Nimewaza tangu uji wa asubuhi.

Tatizo ni hili. Sensa ya aina ile inataka nyaya tatu. Mbili za kubeba habari, wa tatu wa kupima njia yenyewe. Maana waya nao una ukinzani wake, na boksi lisipoambiwa huudhania ukinzani huo ni joto. Waya wa tatu kazi yake ni kuliambia boksi: hiki kitoe, si joto hiki, ni urefu wa safari. Tena kebo iwe na wavu wa chuma ndani, na ikae mbali na waya mkubwa wa kompresa. Ukifunga hivyo umemaliza. Miaka kumi hawakuiti.

Miaka kumi!

Waya mzuri haumrudishi fundi. Nimeligundua hilo leo, nikiwa na miaka hamsini na minane.

Kwa hiyo: nyaya mbili. Nyembamba. Zile za kengele ya mlangoni. Nimepiga hesabu nyuma ya bahasha ya ahadi ya kanisa. Waya mwembamba wa mita ishirini na tano, ukinzani karibu ohm moja. Kwa ukinzani huo sensa itaongopa nyuzi mbili na kidogo. Boksi litaamini maziwa ni ya moto kuliko yalivyo, litayapoza mpaka mbili badala ya nne. Maziwa ya nyuzi mbili ni salama kabisa. Lakini namba zitawatia wasiwasi. Wataniita. Nitarekebisha kidogo. Wataniita tena. Kila wiki chai ya saa nne, mpaka Mungu anichukue.

Hakuna ng'ombe atakayelia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu ingawa zimepungua bado zinafanya kazi.

Saa tisa Eunike amepiga tena. Nikapokea kabla haijaita mara ya pili, aibu. Amesema kuna fundi mwingine amejitokeza, Godwin, mwenye duka la vifaa vya umeme Kijenge. Kamati inataka kutusikiliza wote wawili kesho.

Godwin. Hata jina lenyewe lina majivuno.

Jumatano, 11 Juni

Amekuja na kebo ya kijivu mkononi, shati limepigwa pasi. Miaka thelathini na tano hivi. Akanipa shikamoo kwa kuinama. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayeona mtego wake unateguliwa.

Akaieleza kamati habari za nyaya tatu. Akaeleza wavu wa chuma. Akaeleza kwa nini kebo ya sensa isilale pamoja na waya wa kompresa, kwamba mota ikiwaka huipigia sensa kelele. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nilitamani kumpigia makofi. Nilimchukia kutoka moyoni.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama polepole, kama mtu mwenye mambo mengi kichwani. Nikasema watu wa mjini wakiona ng'ombe wanauza kamba. Nikasema waya wa tatu ni wa viwanda vikubwa, sisi hapa ni maziwa ya Kikwe, si chuma kinachoyeyushwa. Nikasema Mungu alitupa macho mawili na tunaona vizuri, nyaya mbili zinatosha. Wajumbe wakacheka. Nilikuwa sijachekesha watu tangu mwaka jana. Raha iliyoje!

Godwin akauliza kwa adabu kama nimezingatia urefu wa mita ishirini na tano. Nikakohoa. Nikakohoa tena. Kisha nikatoa silaha kubwa: ufundi wangu bure. Wanilishe tu.

Eunike akasema kamati haiwezi kukataa mkono wa mzee unaojitolea. Nimeshinda! Godwin akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema angependa siku moja kujifunza kwangu. Dharau gani hii.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefunga. Manyunyu tangu alfajiri, Mlima Meru haukuonekana siku nzima.

Rola la waya wa kengele nililonunua lilikuwa la mita ishirini. Niliona dukani limeandikwa ishirini, nikajiambia maandishi ya dukani huwa na uchoyo. Lilikuwa ishirini kweli. Nimerudi Sekei kwa pikipiki kwenye mvua, nikang'oa mita tano za waya wa kengele yangu mwenyewe ya mlangoni. Kengele ile niliifunga mwaka 2009. Ruth aliipenda sana. Alikuwa akiibonyeza mara mbili hata siku alizokuwa na ufunguo mkononi, ili tu nijue ni yeye. Sasa nani anaibonyeza? Wakusanya michango. Haina hasara.

Nimeunga kwa kusokota, nikazungushia utepe. Nimepitisha waya sambamba na wa kompresa, kwa sababu vibanio vilikuwa tayari vipo pale. Kompresa ikiwaka, namba zinarukaruka kidogo. Sikuwa nimepanga hilo. Nimefurahi sana, sababu ya pili ya kuniita.

Mchana Ndeshi alipika loshoro. Mahindi laini, mtindi mzito, bakuli langu limejaa mpaka ukingoni. Walinihadithia habari ya ndama aliyeingia kanisani wakati wa ubatizo. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ndeshi akanipiga mgongoni. Mkono wa mtu mgongoni ni kitu cha ajabu, nilikuwa nimesahau.

Ijumaa, 13 Juni

Hawajapiga.

Saa nne nimejichemshia chai. Nimekaa na simu mbele yangu. Imefika saa tano. Nikahisi labda imeharibika, nikaenda kwa jirani yangu Catherine, mwalimu mstaafu, nikaomba anipigie nikisharudi ndani kwangu. Ikaita vizuri. Akauliza nilitaka kumwambia nini. Nikamwambia hakuna. Tukakaa tumeshika simu, ukuta mmoja kati yetu, hakuna wa kukata. Mwishowe akasema ana mboga jikoni.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepita Kikwe kwa bahati tu, nikiwa naelekea sehemu nyingine. Eunike akauliza sehemu gani. Nikasema mbele. Mbele ya pale nilipokuwa ni migomba na mto.

Kioo cha boksi kinasema nne kamili. Nikakigonga. Nne kamili. Eunike anafurahi kupita kiasi, anasema tangu nifunge hawajaona namba nyingine, ila kule kurukaruka kidogo ambako wameshakuzoea. Kazi safi, Baba Princess, hatutakusumbua tena.

Hatutakusumbua tena!

Ndipo nikaelewa, nimesimama pale nimeshika kofia. Boksi lenyewe ndilo linalopoza maziwa mpaka sensa iseme nne. Sensa hata iongope kiasi gani, mwisho wa yote kioo kitasema nne. Uongo wangu hauonekani kwa mtu yeyote. Nimetengeneza uongo unaoonekana ukweli kuliko ukweli. Fundi gani mwingine angeweza!

Ndeshi akasema lakini maziwa siku hizi ni makali, akichovya kidole kinakufa ganzi. Nikamwambia ni Juni, kila kitu ni baridi. Chai ya saa nne ilikuwa imeshaondolewa mezani. Nimerudi mjini nikala chapati nimesimama.

Jumatatu, 16 Juni

Wamepiga! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi! Eunike alisema neno moja tu: njoo. Nimevaa shati jeupe. Nimejipaka mafuta. Njiani nilikuwa naimba.

Nimekuta watu kama arobaini kwenye foleni, madumu na makopo ya maziwa ya asubuhi yako chini, hakuna anayeongea. Jumapili gari la mnunuzi halifiki, kwa hiyo maziwa ya tangu Jumamosi jioni yalikuwa bado tangini. Lita mia nane. Nikafunua kifuniko.

Barafu.

Barafu nyeupe, imeshika kuta zote, katikati uji mzito. Mota ya kukorogea imejitahidi mpaka ikaungua, harufu yake imejaa ukumbi. Kioo ukutani kinasema: nne kamili.

Mzee mmoja akauliza kwa upole kama maziwa yake ya asubuhi ayamwage au ayarudishe nyumbani. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale. Nikasema ni baridi ya mlima. Watu wote wakageuka kuutazama Meru. Ulikuwa ndani ya mawingu, haukuweza kujitetea.

Eunike akampigia Godwin. Akaja na kipimo chake, akapima waya, akapima tena. Karibu ohm mbili, akasema. Akaufuata waya kwa vidole mpaka kwenye kiungo nilichosokota. Kisha akanivuta pembeni, akaninong'oneza ili nisiaibike. Kwa bahati mbaya ana sauti nene, foleni nzima ilisikia. Alisema: Mzee, nadhani ulihesabu waya wa kwenda, ukasahau wa kurudi.

Mungu wangu. Kweli. Umeme huenda na kurudi. Nyaya mbili, mita hamsini, si ishirini na tano. Si nyuzi mbili, ni karibu tano. Kioo kikisema nne, maziwa yameshapita sifuri.

Nikabaki na milango miwili. Niseme nilifanya kusudi, niitwe tapeli. Au ninyamaze, niitwe mzee asiyejua hesabu ya mwaka wa kwanza wa ufundi. Mimi! Miaka ishirini na miwili kitengo cha vipimo!

Nikasema ndiyo, nilisahau. Baadhi ya watu wakanionea huruma. Hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Jumanne, 17 Juni

Kamati imekaa. Maziwa yaliyoyeyuka wanawake watayagawana wakagandishe mtindi, angalau watoto watakula. Mnunuzi ametoa wiki moja. Godwin ataweka kebo yake ya nyaya tatu. Mota mpya ya kukorogea inatoka Dar, itafika Ijumaa. Mpaka hapo lazima kuwe na mtu wa kukoroga tangi kwa mkono, kuanzia maziwa ya asubuhi mpaka gari lije saa tisa.

Wote wakanitazama. Eunike akasoma adhabu kwa sauti ya hakimu: Baba Princess atakoroga, kila siku, na atakula na sisi hapa maana hatuwezi kumwacha mtu wa kazi na njaa.

Nimeinamisha kichwa kuonyesha majuto. Nilikuwa naficha meno.

Jumatano, 18 Juni

Siku nzuri kuliko zote mwaka huu. Nimekoroga kwa mwiko mrefu wa jiko la kanisa, ule wa pilau za harusi, umesuguliwa kwa maji ya moto mpaka umebadilika rangi. Kila aletaye maziwa husimama kunicheka. Wananiita Mota. Mota, umeamkaje? Mota, usije ukaungua! Nimeshikana mikono na watu hamsini na tatu. Nimehesabu.

Saa nne simu yangu ilitoka mfuko wa shati ikaingia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea. Si kwenye maziwa, namshukuru Mungu. Imezimika. Nyumbani nimeizika kwenye mfuko wa mchele. Haina shida, watu wote ninaotaka kuongea nao wako Kikwe.

Ila Ndeshi. Mchana, wengine walipoondoka, alikaa karibu na tangi akimenya ndizi. Akasema jana usiku mumewe alimweleza kwamba mtu aliyefanya kazi ya vipimo miaka ishirini hawezi kusahau waya wa kurudi. Akasema: Baba Princess, kama ulitaka chai, si ungesema tu? Kwani ukija mikono mitupu tutakufukuza?

Niliendelea kukoroga. Macho yalijaa machozi, nikasingizia moshi, na jiko lilikuwa limezimwa.

Mimi ni mpweke. Basi, nimeandika. Nimeongeza kuni kwenye habari hii kuliko ilivyostahili, nakwenda kulala.

Alhamisi, 19 Juni

Godwin amefunga. Nimemshikia ngazi. Kebo ya kijivu, nyaya tatu, wavu wa chuma, njia yake peke yake mbali na kompresa, viungo vimebanwa ndani ya kisanduku kisichoingiza maji. Nilitafuta kosa saa tatu nzima. Hakuna. Akateremsha kipimajoto cha mkono ndani ya maziwa: nne. Kioo: nne. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, sikuweza.

Alinirudishia zile mita tano za waya wangu, amezikunja vizuri. Ndeshi akauliza zilitoka kengele ya nani. Nikasema ya mtu mmoja tu ambaye hapati wageni.

Kisha Godwin akanivuta pembeni, safari hii kwa sauti ndogo kweli. Dukani kwake Kijenge wanaletewa vipimo vya zamani ambavyo vijana wake hawavijui. Kuna kiti, kuna meza, wanachemsha chai saa nne na saa kumi. Angefurahi nikifika hata mara mbili kwa wiki.

Nikamwambia nitalitafakari. Nimelitafakari. Ni mtego. Anataka kuniibia ujuzi. Nimekataa moyoni.

Ijumaa, 20 Juni



Mota mpya imefika, adhabu imekwisha. Wamenipa dumu la mtindi na kuniaga. Nimerudi Sekei saa kumi, polepole, kwa sababu sikuwa na ninachokimbilia.

Nje ya nyumba yangu kuna pikipiki saba. Getini watu. Uani viti vya plastiki vya jumuiya vimepangwa mistari mitatu. Sufuria kubwa ya chai iko jikoni kwangu, jiko langu linawaka! Mlango wangu umevunjwa, umeegeshwa ukutani. Ndani wanawake wanalia.

Nikajiuliza nani amekufa nyumbani kwangu. Kisha nikafanya hesabu, kwenda na kurudi. Nyumbani kwangu naishi peke yangu.

Nilipaswa kuingia mara moja. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya uzio wa michongoma nikasikiliza, labda dakika tano. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Lengai, alikuwa akisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Mlango wake ulikuwa wazi kwa kila mtu. Lengai hajawahi kunywa maji kwangu. Mwalimu Catherine akasema kwa kilio kwamba wiki iliyopita nilimpigisha simu bila sababu, na sasa anaelewa nilikuwa naaga. Watu wakaguna kwa uchungu. Nyumba yangu haijawahi kujaa hivyo, hata siku ya ubatizo wa Princess. Nami nilikuwa nje.

Kisha nikasikia sauti moja ikilia tofauti na zingine. Ruth. Ruth wangu, kutoka Mwanza.

Nikaingia. Nimeshika dumu la mtindi. Mwanamke wa kwanza kuniona alianguka kutoka kwenye kiti. Lengai alinyamaza katikati ya neno. Ruth alinitazama, akaja mbio, akanikumbatia, halafu akanichapa kwa kanga begani mara nne, halafu akanikumbatia tena.

Habari kamili nimeipata baadaye. Alinipigia tangu Jumatano, simu haipatikani. Alhamisi vilevile. Hajawahi kunikosa siku mbili. Akapanda basi bila kumwambia mtu. Leo saa sita amefika, amebonyeza kengele. Mara mbili. Kimya. Amebonyeza tena na tena. Akasema Anaeli akiwa hai hawezi kukosa kuisikia kengele ile, aliifunga mwenyewe. Akaita majirani, wakavunja mlango, wakakuta nyumba haina mtu na simu imezikwa kwenye mchele. Wakahitimisha. Mmoja akakumbuka amesikia kuna ajali ya pikipiki mahali fulani. Kufikia saa nane viti vilikuwa vimeshafika.

Kengele. Waya wangu ulikuwa mfukoni mwangu.

Majirani hawakuondoka mapema. Chai ilikuwa imeshapikwa, wakasema hairudi kwenye majani. Tukainywa wote pamoja na mtindi wa Kikwe. Mzee Lengai alipiga hotuba nyingine, fupi zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Nimerudisha mlango. Nimefunga waya wa kengele. Ruth ameenda nje kuujaribu, mara mbili. Nilikuwa nimesimama ndani karibu kabisa na mlango lakini sikufungua upesi, nilitaka isikike tena.

Amepika machalari, ndizi na nyama. Sahani mbili. Ameniuliza waya ulikwenda wapi, nikamwambia yote, hata bahasha. Hakunicheka. Aliweka kijiko chini. Akasema yeye kule Mwanza kila Jumapili alingoja nimwambie rudi, nami kila Jumapili nilimwambia hapa hakuna neno, tulia na mjukuu. Akadhani nimezoea. Akasema: Ungesema tu, Anaeli.

Ajabu, maneno yaleyale ya Ndeshi. Wanawake hawa hawajawahi kuonana.

Basi lake ni Jumatatu saa kumi na mbili kamili asubuhi, Princess anamhitaji abaki na mtoto akienda kazini. Akaniuliza kama nataka abaki. Nikamwambia afanye anavyoona yeye ni vizuri.

Jumapili, 22 Juni

Ruth amekwenda kwa mwalimu Catherine kumshukuru kwa machozi ya Ijumaa. Niko peke yangu, saa nane mchana.

Nimesimama mbele ya kioo. Nimesema: Usiende. Nimelisema mara sita. Neno fupi, linatoka vizuri kabisa. La saba nilisikia geti, nikakimbia. Alikuwa kuku.

Ndipo nikaiona saa ya ukutani. Ruth haamini saa ya simu, anasema simu zinadanganya. Anaamini ile ya ukutani, zawadi ya harusi yetu. Nayo ni kipimo kama vipimo vingine. Na vipimo ni kazi yangu.

Nimepanda kiti. Nilikusudia kurudisha mshale nyuma nusu saa tu. Asubuhi atakunywa chai bila haraka, tutafika stendi basi limeondoka, tutarudi nyumbani pamoja. Siku moja zaidi. Nikiwa juu ya kiti nikamkumbuka Godwin, na lazima nikiri, yule kijana amenifunza kitu: usisahau wa kurudi. Kwa hiyo nimezidisha mara mbili. Saa nzima.

Kengele imelia, mara mbili. Nashuka. Hakuna ng'ombe atakayelia.